Pete Nyeupe ya Pampu Namba Mbili

Maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye pampu namba mbili yalikuwa safi. Kwa mtu wa nje hiyo ingekuwa habari njema. Kwa watu wa kituo cha majitaka, ambako kila kinachovuja kina rangi yake na harufu yake, lilikuwa jambo la kumtia mtu wasiwasi kabla hata hajanywa chai.

Fundi aliliona saa tatu asubuhi, aliposhuka zile ngazi ishirini na mbili kwenda kuangalia kama sili, kile kizuizi cha maji, aliyoifunga jana yake imeshika. Alipiga magoti, akamulika tochi pale shafti, ule mhimili unaozungushwa na mota, inapoingia kwenye tumbo la pampu. Tone lilijikusanya, likaning'inia, likaanguka sakafuni. Angavu kabisa. La pili alilipokea kwenye glovu, akalinusa, na harufu iliyompanda puani ilikuwa ya sabuni ya kufulia. Aliinuka haraka mno, akagonga kichwa kwenye bomba.

"Vipi huko chini?" Redio aliuliza kutoka juu. Huyo ndiye mwendesha mitambo, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kufanikiwa kumzima.

"Inavuja."

"Sili mpya, shemeji?"

"Mpya."

"Basi wametuuzia takataka. Sisi wataalamu wa takataka! Wangetuheshimu kidogo."

Fundi hakucheka. Wiki mbili nyuma angecheka, kwa sababu wiki mbili nyuma mume wake alikuwa hai.

Mume wake naye alikuwa fundi hapohapo, na ndiye aliyemfundisha kazi. Walimwita Msafi. Watu wengine wa kituo hunawa mikono baada ya kazi. Yeye alinawa kabla, kwa kipande cha sabuni ya kufulia alichokihifadhi ndani ya sanduku lake jekundu la vifaa, kimefungwa kwenye kitambaa kama dawa. Wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. "Unamnawia nani, bwana? Si unakwenda kushika mavi?" Naye alijibu bila kukasirika kwamba mavi yana subira, sili haina.

Na alisema kweli. Sili ya pampu ni pete mbili tu zinazokabiliana. Moja ni nyeusi, ya kaboni, inazunguka pamoja na shafti. Nyingine ni nyeupe, ya kauri, imekaa tuli kwenye kiti chake. Zimesuguliwa zikawa laini kuliko kioo, na springi inazibana pamoja. Kati yake hubaki utando wa maji mwembamba usioonekana kwa macho, na huo utando ndio uhai wa sili. Ukikauka, pete zinaungua. Ukiacha alama ya kidole juu ya pete, jasho la kidole tu, zinaachana kidogo, na uchafu wote wa upande ule unapata njia ya kuja upande huu. Kwa hiyo Msafi aliziosha kwa spiriti, akadondoshea tone moja la maji safi, akafunga. Na kabla ya kuwasha alikuwa na mchezo wake: aligonga tumbo la pampu kwa spana, mara tatu. "Nabisha hodi," alikuwa akisema.

Siku aliyokufa alikuwa katikati ya kazi hiyo, kwenye pampu namba mbili. Alikuwa ameshaibana pete nyeupe kwenye kiti chake na kuiosha, bado ile nyeusi. Ndipo boya la kupimia kina likakwama kwenye shimo la majitaka, matambara yamelizonga, ikabidi mtu ashuke. Msafi akashuka. Mke wake akabaki juu na kamba.

Ripoti ilisema hewa mbaya ya shimo ilimzidi ghafla, na kwamba mwenzake aliyeshika kamba alifanya kila lililowezekana. Fundi aliitia sahihi.

Alirudi kazini mara tu matanga yalipoanuliwa. Pampu namba tatu ilikuwa mahututi tangu mwaka uliopita ikisubiri vipuri, namba moja ilikuwa ikihema peke yake, na shimo lilikuwa linapanda. Namba mbili aliikuta imefunguliwa vilevile, pete nyeupe iking'aa kwenye kiti chake. Alifanya yote kama alivyofundishwa. Lakini alipoinama kudondoshea lile tone la maji, chozi lilimtangulia, likaanguka juu ya pete nyeupe.

Kanuni aliijua: futa, osha kwa spiriti, anza upya. Ila kuiosha pete ile kulikuwa ni kuosha mahali palipooshwa na mikono ya Msafi siku yake ya mwisho, na hilo alishindwa. Kengele ya shimo ilikuwa inapiga kelele. "Tone ni tone," alijiambia, akafunga.

Kesho yake ndipo yalipokuja yale maji safi.

Katika wiki tatu zilizofuata aliibadilisha sili hiyo mara tatu. Tuseme kweli: alibadilisha pete nyeusi. Ile nyeupe aliiacha kila mara, ingawa hata fundi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba pete hubadilishwa zote mbili au haibadilishwi hata moja. Haina mkwaruzo, alijisemea. Bado nzima kabisa. Na kila mara maji yalirudi, na sabuni yake. Tena pampu iliposimama, kabla mota haijatulia vizuri, kitu kiligonga kutoka ndani ya lile tumbo la chuma. Ko. Ko. Ko.

Alidhani ni jiwe kwenye impela, lile gurudumu linalosukuma maji. Akafungua. Hakukuta jiwe.

Siku moja saa sita mchana, Redio akiwa juu anabishana na mtu kwenye simu, Fundi alikuwa ameinama anafuta sakafu pampu ilipojizima, na hodi tatu zikaja, na baada ya hodi, katika kimya ambacho hata maji ya kwenye mabomba yalionekana kukisikiliza, sauti ndogo yenye unyevunyevu, sauti ya mtu aliyebandika mdomo wake ukutani, ikapenya pale shafti inapotokea, ikatoka pamoja na tone, ikasema, "Kamba."

Tambara lilimponyoka mkononi.

"Kamba," sauti ilirudia. "Mwambie mama."

Alikaa sakafuni kwenye ule unyevu, akajiziba mdomo kwa glovu. Alikuwa anaijua sauti ile. Alikuwa amelala nayo miaka kumi na mmoja. Lakini kilichomtisha zaidi ni lile neno, kwa maana habari ya kamba hakuna aliyeijua duniani.

Siku ile, Msafi akiwa ndani ya shimo, simu iliita mfukoni mwa Fundi. Alikuwa mama mkwe. Fundi aliifunga kamba kwenye reli, akageukia ukutani kukwepa kelele za feni, akaziba sikio moja. "Mtakula saa ngapi?" mama mkwe aliuliza. "Tutakuja saa nane, mama," alijibu. Haikutimia dakika. Alipogeuka, kamba ilikuwa imelegea. Basi, hilo tu. Kwenye ripoti aliandika kwamba alikuwa ameishika.

Na mama mkwe huyo ndiye aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Walikuwa wamezoeana wale, wanagombania chumvi asubuhi na jioni wanachambua mboga kwenye ungo mmoja. Baada ya msiba bibi huyo alijitwika kazi ya kumletea mkwewe chakula cha mchana kazini, kama alivyokuwa akimletea mwanawe. Alikuwa akiishia getini. Siku moja, mlinzi akiwa hayupo, aliingia, akashuka ngazi zote ishirini na mbili akitanguliza fimbo yake, na alipokanyaga ya mwisho pampu ikasimama.

Ko. Ko. Ko.

"Mama," sauti ikasema.

Sufuria lilimtoka mkononi, chakula kikatapakaa sakafuni. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pampu, akaweka kiganja juu ya chuma chenye joto, kama anampima homa mtoto.

"Abee, mwanangu."

"Mama, leo umepika nini?"

Naye akamwambia alichopika, anacheka na kulia kwa pamoja, na Fundi amesimama nyuma yake.

"Mama, twende nyumbani," hatimaye alinong'ona. "Tafadhali. Hii si ya kusikilizwa."

"Nenda wewe." Mama mkwe alichovya kidole kwenye tone, na kabla Fundi hajamshika mkono, akakitia mdomoni. "Ina chumvi," alisema kwa mshangao. "Machozi haya. Mwanangu analia."

Tangu siku hiyo alikuja asubuhi na wafanyakazi, akaondoka nao jioni. Redio alimwekea kiti. Alikaa hapo na fimbo yake kati ya magoti, pampu ikinguruma anasubiri, ikisimama anaongea. Mara nyingi sauti ilikuwa na mambo madogo tu. Limeezekwaje lile paa la jikoni? Yule paka bado yupo? Lakini mazungumzo yote yaliishia mahali pamoja. "Mama, nina kiu." Bibi alimwaga maji ya chupa juu ya shafti, yakateremka yakapotea. "Mama, bado nina kiu."

Na bibi akaanza kukauka. Kwanza midomo ilipasuka, akapaka mafuta. Kisha ngozi ya mikono ikawa inabaki imesimama ukiivuta. Alikuwa akinywa jagi la maji asubuhi, jingine adhuhuri, na hakuna aliyemwona akitoka kwenda msalani. Joto lote lile la chumba cha pampu, wenzake wanatiririka, yeye paji la uso kavu. Fundi alimpeleka zahanati. Walimtundikia dripu mbili, moja baada ya nyingine, wakasema ni umri na huzuni. Jioni ile Redio alimpigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliongea taratibu.

"Shemeji, sakafu imejaa maji. Kwenye namba mbili. Safi. Yameanza mchana, kama saa saba hivi."

Saa saba ndipo dripu ya kwanza ilipofunguliwa.

Fundi ni fundi. Kesho yake aliweka chupa yenye alama za kipimo chini ya shafti, akachora mstari ukutani kwa chaki, na kila mama mkwe alipokunywa alitazama saa. Jagi moja likiingia kinywani mwa bibi, baada ya robo saa jagi moja lilikuwa limejaa kwenye chupa, halizidi wala halipungui, na alipolitazama lile jagi la pili, safi, lenye povu jembamba la sabuni pembeni, alielewa kwamba mama yake mkwe alikuwa anavuja kupitia kwenye sili aliyoifunga yeye kwa mikono yake, na kwamba akiiacha wiki moja zaidi hatakuwa na mama mkwe wa kugombana naye.

"Shemeji," Redio alisema, macho yake kwenye zile alama za chaki, "mimi nina mjomba."

Mjomba wake Redio alikuwa mshonaji wa nguo, mzee mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, na mtaani kwao walimjua pia kwa kutoa majini, kazi aliyoifanya bila matangazo. Alifika mchana wa siku iliyofuata. Aliposhuka ngazi aliziba pua kwa shati.

"Mnaishije humu?"

"Tumezoea, mjomba."

"Jini aliyechagua kukaa hapa ni wa kuonewa huruma."

Lakini alipoweka sikio kwenye chuma mzaha ulimwisha. Alisoma dua zake kimya, midomo tu ikicheza. Hodi tatu zikaja, palepale chini ya sikio lake. Alijiondoa polepole, akamvuta Fundi mpaka kwenye ngazi.

"Mimi nimezoea kutoa kilichoingia kwenye mwili wa mtu," alinong'ona. "Hiki kimeingia kwenye chuma, na pampu siijui. Niambie, mwanangu. Tangu kianze umebadilisha nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu?"

Fundi alitazama buti zake. "Isipokuwa pete moja. Aliifunga yeye. Na mimi nilidondosha chozi juu yake, nikafunga hivyohivyo."

Mzee alishusha pumzi. "Basi mlango ni huo. Mwenye kiu alionjeshwa chozi, akaja. Machozi ya mama huyu yameshakwisha, sasa anakunywa yaliyobaki. Itoe hiyo pete, ivunje, vipande viende na maji. Funga mpya bila kulia. Na wakati unafunga, mtu asimwitikie. Akiitikiwa, atarudi."

Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno. Kiu haikuwa imegusa masikio yake.

"Mnataka kumzika mara ya pili," alisema.

"Si yeye, dada yangu," mzee alimjibu. "Majini huvaa sauti za watu."

"Wewe umejuaje?"

"Muulize jambo ambalo nyinyi wawili hamlijui. Anayeiga anajua mnachokijua nyinyi, basi. Mwenyewe anajua zaidi."

Bibi alifikiri. Sanduku jekundu la Msafi lilikuwa juu ya rafu, limefungwa tangu siku ile, na ufunguo wake haukuonekana popote. Watu walitaka kulivunja, Fundi akakataa. Mama mkwe aliinamia pampu.

"Mwanangu. Ufunguo wa sanduku lako uko wapi?"

Tone lilianguka, likafuata jingine. Redio aliacha kupumua.

"Kiatu," sauti ilisema. "Cha kushoto."

Fundi alipanda pikipiki ya Redio, akaenda nyumbani mbio. Viatu vya Msafi vilikuwa chini ya kabati, pea tatu: vya kutokea, raba, na vile vya zamani alivyovaa akilima bustani. Alitia mkono ndani ya kila kimoja mpaka kwenye vidole. Alivigeuza, akavikung'uta. Alikaa kitandani na raba ya kushoto mapajani, na hapo, aibu iliyoje, aligundua kwamba alikuwa ameomba uwemo. Buti za siku ile hazikuwepo, zilichomwa pamoja na nguo. Mama mkwe ndiye aliyesimamia, na ndivyo alivyomwambia.

Alirudi kituoni akashuka ngazi polepole.

"Hakuna kitu, mama."

"Umetazama vyote?"

"Vyote. Pea zote tatu."

Mama mkwe aliweka viganja viwili juu ya fimbo yake, kimoja juu ya kingine. Alimtazama mkwewe kuanzia miguuni mpaka machoni, mwanamke aliyekonda ndani ya ovaroli, kola imemzidi shingo, kucha ameziuma mpaka nyama. Alimtazama kwa muda mrefu mno. Kisha akaitazama pampu.

"Basi si yeye," alisema. "Funga, mwanangu."

Redio alizima umeme kwenye kabati, akaweka kufuli. Vali zikafungwa, tumbo la pampu likamwagwa. Fundi alinawa mikono kwa sabuni, akavaa glovu mpya. Alilegeza boliti moja baada ya nyingine, akavuta mota na impela yake, akachomoa pete nyeusi. Pete nyeupe ilibaki kwenye kiti chake, ina unyevu, na haikuwa na umeme wala maji wala kitu chochote cha kuisukuma lakini tone lilikuwa linajikusanya katikati yake.

"Kamba," sauti ilisema, sasa haina chuma cha kuizuia, iko wazi, iko chumbani. "Mwambie mama."

Mikono ya Fundi ilisimama.

"Aniambie nini?" mama mkwe alimuuliza Fundi.

Hapo Fundi aliona kwamba jini lile limemshika pabaya: likitolewa, litamchongea kwanza. Akaona heri aseme mwenyewe. Alisema bila kugeuka, kwa sauti ya chini.

"Siku ile ulipiga simu, mama. Nilikuwa nimemshikia kamba. Niliifunga kwenye reli nikapokea. Nilimpa mgongo. Sikuwa nimeishika kamba, mama. Niliandika uongo."

"Najua."

Fundi aligeuka.

"Hukukata simu, mwanangu. Uliishusha tu. Nilisikia ukimwita. Nilisikia mpaka watu walipokuja. Nilikaa jikoni na simu sikioni mpaka chakula kikaungua." Alifuta midomo yake iliyopasuka kwa mtandio. "Nilitaka kujua mtakula saa ngapi. Hilo tu. Si ningesubiri?"

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Walitazamana. Fundi alihisi chozi linapanda, akalirudisha, hajui kwa nguvu gani. Alichukua kipande cha mti, akakiweka nyuma ya pete nyeupe, akakigonga kwa nyundo ndogo.

"Mama?" sauti iliita. "Mama, uko wapi?"

Akagonga tena. Pete ilisogea.

"Mama, mbona kimya? Nimekukosea nini?" na sauti ilikuwa inapungua umri kadiri pete ilivyosogea, ikawa ya kijana, ikawa ya mtoto wa shule, ikawa ya mtoto mdogo aliyeamka akakuta chumba kitupu, na mama mkwe alikuwa amekunja pembe ya mtandio wake akaujaza mdomoni, akauuma kwa meno yote aliyobakiwa nayo, macho makavu yamemtoka, na Redio amemshika mabega, analia yeye kwa niaba ya watu wote mle ndani, "Mama, mama, ma—"

Pete ikatoka, ikadondoka kiganjani mwa Fundi. Ilikuwa baridi.

Aliivunja kwa nyundo juu ya sakafu, mara tatu, akavitupa vipande kwenye mfereji wa maji yanayotoka. Alifunga pete mpya mbili. Aliziosha kwa spiriti, akadondoshea tone moja la maji ya chupa, mkono haukutikisika. Aliijaza pampu, akafungua koki ya juu kutoa hewa mpaka maji yakatoka bila kutema. Redio akawasha. Walikaa saa nzima wanatazama chini ya shafti. Hapakuwa na tone, wala harufu isiyokuwa ya mahali pale.

Mama mkwe alikunywa maji nyumbani jioni hiyo, na usiku akasikika akienda msalani. Fundi alicheka chini ya shuka, akalia, akalala.

Waliishi pamoja miaka sita mingine. Bibi alinenepa, akarudia kugombania chumvi. Ila kituoni hakukanyaga tena, hata getini, na mtu akitaja pampu alitoka akaenda kukaa uani. Sili ya namba mbili ilibadilishwa mara mbili katika miaka hiyo, kwa ratiba, pete zote mbili.

Bibi alifariki mchana mmoja, amejinyoosha kitandani, ungo wa mboga uko pembeni. Baada ya mazishi Fundi aliingia chumbani kwake kufungasha vitu. Chini ya kitanda, nyuma kabisa, mkono wake ulikutana na gunia. Alilivuta. Ndani yake mlikuwa na buti mbili za mpira, zina tope la kijivu lililokauka mpaka kwenye shingo ya kiatu.

Hazikuwa zimechomwa. Alizitambua kwa kiraka cha kisigino, alikibandika mwenyewe. Alikaa sakafuni muda, kisha akatia mkono kwenye ya kushoto. Kwenye vidole palikuwa na mfuko mdogo wa plastiki uliokunjwa vizuri, kazi ya mtu anayechukia uchafu, na ndani ya mfuko ulikuwamo ufunguo.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kile kiti, amesikia jibu kwa masikio yake, na alijua gunia liko chini ya kitanda chake. "Umetazama vyote?" aliuliza. Alikuwa na mtoto wake ndani ya chuma, anaita, na alikuwa na mkwe aliyekonda mbele yake, na alijua kwamba akishakwisha yeye kunywewa, kiu ile itamgeukia huyu. Akachagua. Na lile "mwambie mama" halikuwa la kumchongea mtu. Msafi alimwona mke wake amebeba mzigo peke yake, akataka autue.

Fundi alikwenda kituoni na ufunguo mfukoni. Ilikuwa siku ya mapumziko, Redio akiwa zamu peke yake. Fundi alilishusha sanduku jekundu kutoka kwenye rafu, akalifungua. Harufu ilimpokea kabla hajaona kitu. Kipande cha sabuni kilikuwa ndani ya kitambaa chake, kimekauka, kimepasuka katikati. Akachukua spana, akashuka ngazi ishirini na mbili.

Pampu namba mbili ilikuwa imesimama. Alipiga magoti mbele yake, akagonga tumbo la chuma mara tatu. Akasubiri. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, akamwita kwa jina alilokuwa akimwita nyumbani wakiwa wawili, akaweka sikio. Upande wa pili maji machafu yalikuwa yakipita kwenda zake.

Alipeleka mkono chini ya shafti, bila glovu, akapapasa kote, akautoa. Ulikuwa mkavu. Ile sili alikuwa ameifunga vizuri, kama alivyofundishwa.